Fiziotherapia ya bega: walinipima kwanza, ndipo wakanitibu

Nimemaliza matibabu ya bega la kulia, na kitu ninachokisifu kuliko vyote ni jinsi nilivyopimwa.

Kliniki niliyoanzia ilinilaza chini ya taa ya joto, nikakandwa, nikapakwa dawa ya kuchua, nikaambiwa nirudi. Hakuna aliyenitaka hata niinue mkono. Jioni nilipata nafuu, asubuhi maumivu yalikuwa palepale: nikivaa koti, nikifikia rafu ya juu, nikilalia upande ule.

Mtaalamu wa pili alianza na maswali, na hakuwa na haraka. Maumivu yalianza ghafla au polepole? Yanashuka hadi wapi? Vidole vinaingia ganzi? Usiku yanakuamsha ukijigeuza, au hata ukiwa umetulia? Kisha akaniuliza kama nina kisukari au ugonjwa wa tezi ya shingo, kama nimepungua uzito bila sababu, kama nina homa, kama nimewahi kuugua saratani. Nilishangaa yanahusianaje na bega, naye akanieleza. Kisukari na magonjwa ya tezi huongeza uwezekano wa bega kuganda, yaani kukakamaa lisisogee vizuri. Ama homa, kukonda na maumivu yasiyotulia kwa mkao wowote, hizo ni dalili za kumpeleka mgonjwa kwa daktari kabla ya zoezi lolote.

Akaanza na shingo, kwa kuwa mshipa wa fahamu ukibanwa huko, maumivu yanaweza kusikika begani. Shingo ilikuwa salama. Akalinganisha mabega yote mawili yakiwa wazi, akaniambia niinue mkono kwa upande. Maumivu yalikamata kwenye nyuzi 60 hivi, yakaachia nilipopita 120. Kisha akaniambia nilegee, akauinua yeye mwenyewe. Ukapanda karibu mpaka mwisho! Bega lililoganda halikubali hivyo: hukwama hata likinyanyuliwa na mtu mwingine, hasa ukijaribu kuuzungusha mkono kwa nje huku kiwiko kimebana ubavuni. Langu lilizunguka vizuri. Ila aliponiambia niusukume mkono wake kwa nje, nguvu zilikuwa chache na maumivu yakaja.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kano, yaani kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, za misuli minne midogo inayoushikilia mfupa wa mkono katika tundu la bega. Zilikuwa zimebebeshwa kuliko zilivyoweza.

Niliomba picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha misuli na kano za ndani. Sikukatazwa kwa mkato, nilielezwa. Watu wengi wenye umri wa makamo na kuendelea, wasiosikia maumivu yoyote, nao huonekana na mipasuko ya kano kwenye picha, hivyo kuuona mpasuko peke yake kusingethibitisha kwamba ndio unaoniumiza. Picha ingehitajika kama ningeanguka na kushindwa kabisa kuinua mkono, au kama mazoezi ya wiki 12 hivi yasingeleta badiliko. Jibu hilo lilinitosha.

Tiba yenyewe ilikuwa mazoezi, na mazoezi ndiyo hasa. Kukandwa kulikuwepo, dakika chache tu za kutuliza. Nilianza kwa kusukuma ukuta bila mkono kusogea, nikaja kwenye mpira wa kuvuta, mwishowe nikanyanyua uzito juu ya kichwa. Kano hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo unaopanda kidogo kidogo, na kuupumzisha mkono kupita kiasi huzidi kuzidhoofisha. Nilipewa kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10: yakifika 3 wakati wa zoezi na kutulia kufikia kesho yake, endelea. Ukiamka yamezidi, punguza uzito, usiache. Maelekezo hayo yaliniondolea hofu, maana mtu mwenye maumivu huogopa kila mvuto.

Kilichonifanya niwaamini zaidi ni kwamba walirudia vipimo vilevile: pembe ya mkono, nguvu ya kusukuma, na kazi moja niliyoichagua mwenyewe, kuweka sufuria nzito kabatini. Nilikuwa naliona badiliko kwa macho yangu.

Kasoro zipo. Mazoezi nilielekezwa kwa mdomo tu, hadi nilipoomba kurekodiwa kwenye simu. Mgonjwa akisharudi nyumbani anasahau kiwiko kilikaa wapi, na zoezi likikosewa mkao linaangukia msuli mwingine. Wawape watu wote michoro tangu siku ya kwanza. Pia nafuu ilikuja polepole mno. Usingizi ndio uliotangulia kurudi, nguvu zikachelewa, na mwanzoni nilikaribia kukata tamaa. Wangesema mapema kwamba ndivyo kano zinavyopona.

Sasa koti navaa bila kukunja uso na sufuria inafika kabatini. Kurusha kitu kwa nguvu bado kunavuta kidogo, kwa hiyo zoezi la mpira ninaendelea nalo nyumbani, kama nilivyoagizwa. Nikipata tatizo la goti au mgongo, nitarudi kwao.