Nyota wa Mbeya: Auzwe Dirisha Dogo au Abaki?

Klabu ya Mbeya inapofuatwa na vigogo wa Dar es Salaam wanaomtaka mshambuliaji wake bora, kumuuza katika dirisha dogo (kipindi cha usajili cha katikati ya msimu) huleta fedha za mishahara na za safari ndefu za ligi, lakini mabao hukauka katikati ya msimu. Kumbakiza hulinda nafasi kwenye msimamo na kujaza majukwaa ya Uwanja wa Sokoine. Hata hivyo, mkataba ukibakiza miezi sita, kanuni za FIFA humruhusu kusaini kwingine, kisha akaondoka bure. Mbeya City ilimaliza ya tatu msimu wa 2013/14, wa kwanza kwake Ligi Kuu, na mafanikio ya namna hiyo hayaji bila wachezaji waliozoeana. Naona aongezewe mkataba sasa, auzwe ligi ikiisha.