Madera yalifika mazima, kilichoniumbua ni karatasi iliyokuwa ndani

Naandika haya hasira haijapoa, kwa hiyo mnisamehe lugha. Ningesubiri wiki nyingine pengine ningeandika kwa adabu zaidi, lakini kuna mtu leo anajiandaa kuwalipa hawa jamaa kiingilio cha elfu kumi kama nilivyowalipa mimi, na huyo ndiye ninayetaka kumuwahi.

Jina silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua. Ni wauzaji wa jumla wa Kariakoo wenye kundi la WhatsApp la watu wa mikoani. Kila asubuhi wanamwaga picha, wewe unachagua, unaweka status na bei yako. Mteja akikulipa, unawatumia wao bei yao, wanafunga mzigo na kuupeleka kwenye basi uende kwa mteja moja kwa moja. Hugusi kitu, huna ghala, huna fremu ya kulipia kodi. Wao wanaiita dropushipingi. Mtu wa Kariakoo atakwambia huo ni uwinga tu, kuuza mali ya duka la mwenzio na kula cha juu, tofauti ni kwamba winga wa kule anasimama juani Mtaa wa Kongo akivuta watu mikono, na mimi nimekaa kibarazani Mtwara namenya ming'oko, viazi pori vyetu vya huku.

Nilikuwa na elfu themanini. Niliwahi kutazama zile video za kufungua duka la mtandaoni na kuagiza China, nikaona mteja wangu wa Magomeni ya hapa Mtwara au Mikindani atangoja mzigo wiki tatu, halafu alipe kwa kadi ya benki ambayo hana. Nikaachana nazo. Hapa mtu analipa kwa simu, anataka mzigo kesho kutwa, na anataka kujua wewe ni mtoto wa nani.

Na nilitaka iwe halali, hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunigeukia. TIN, namba ya mlipakodi, nilipata bure kwa namba yangu ya NIDA. Pale TRA, kwa watu wa kodi, afisa mmoja mpole, wapo jamani, akanifafanulia kwamba mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato. Nikafuatilia leseni ya halmashauri. Nikanunua na kitabu cha risiti za mkono, chenye karatasi ya kaboni, nikakigonga muhuri kurasa zote kwa raha zangu. Kile kitabu mkikumbuke.

Miezi ya mwanzo ilikwenda. Mashuka, vyombo, viatu vya watoto wa shule. Faida elfu mbili hapa, elfu tatu pale, bando linajilipa. Nilikuwa nawasifia hawa watu hadi kwa majirani.

Sasa mwezi uliopita, au mwishoni mwa ule uliotangulia, akaja shangazi mmoja wa Chikongola. Si shangazi wa damu, ni rafiki wa mama tangu utoto wao, lakini mimi sijawahi kumwita jina. Anamtoa mwali, mjukuu wake. Anataka madera kumi na mawili ya sare, rangi moja, ua moja, yasipishane hata kidogo, maana mwaka juzi kuna ngoma ilivaliwa kijani cha aina mbili na maneno yake hayajaisha mpaka leo. Nikampa bei: elfu kumi na nne moja. Hakubishana. Akanitumia laki moja na sitini na nane zote kwa mkupuo, hela ya korosho hiyo, akaniambia, "Nakuamini wewe, mwanangu."

Bei ya jumla ilikuwa elfu tisa. Hesabu mnaijua.

Nikawatumia laki na elfu nane yao na voisi ndefu ya maelekezo. Wakati najiunga, yule kaka anayesimamia kundi alituahidi kwa maandishi, skrinishoti ninayo: mzigo unafungwa kwa jina lako, kadi yetu haiingii ndani, risiti unatumiwa wewe. Basi nikalala.

Niwape haki yao. Mzigo ulitoka Dar alfajiri na jioni ile ile ulikuwa stendi, zaidi ya kilomita 550, haujalowa, haujachanika. Watu wa Kusini tunajua thamani ya hilo. Mama yangu bado anahadithia siku za kulala Rufiji kungoja kivuko, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, na juzi tu, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipita barabara ikakatika upande wa Kilwa. Kwa hiyo mzigo kufika siku moja mimi nahesabu ni muujiza. Na madera yenyewe! Kumi na mawili, zambarau iliyokolea, ua la njano, kitambaa kinateleza mkononi kama maji. Shangazi alinitumia picha amelivaa, amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Nikaiweka status. Nikaandika "Mtwara kuchele" na vicheko vitatu.

Kesho yake asubuhi akaja nyumbani.

Akakaa kwenye mkeka. Akauliza habari za mama, za mguu wa mama, za paka. Halafu akafungua fundo kwenye pindo la kanga, taratibu, kama mtu anayetoa dawa, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Akaninyooshea. "Hebu nisomee hapa, mwanangu. Macho yangu siku hizi yananidanganya."

Risiti ya mashine. Ile karatasi nyororo inayofutika maandishi ukiiacha juani, na nawaambia ukweli, nilitamani jua liingie hapo hapo barazani liifute. *Dera, 12, kwa 9,000.* Jumla *108,000*. Na nyuma yake, kwa pini ya stepla, kadi ya duka: kwa mahitaji ya jumla na rejareja piga namba hii.

Macho yake hayakuwa yanamdanganya hata kidogo. Alishasoma, na alishapiga.

"Kijana ana heshima yule," akasema. "Kanisalimia shikamoo. Kaniambia, mama, safari nyingine njoo kwetu moja kwa moja, huyo aliyekuuzia ni winga tu." Akanyamaza kidogo. "Winga ni nini, mwanangu?"

Jamani. Nimeshawahi kufiwa, nimeshawahi kufeli mtihani, lakini sijui kama nimewahi kutafuta maneno kama siku ile. Nikaanza kueleza: kuna nauli ya basi nimelipa mimi, elfu saba, kuna makato ya kutuma, kuna bando, kuna muda. Kila nilichotaja kilizidi kuwa kidogo. Yeye anaitikia "ehee", "ehee", huku anakikunja tena kile kikaratasi mara nne. Mwisho akasema, bila ukali wowote, na ndiyo iliyoniuma: "Elfu sitini. Hiyo si ndiyo hela ya vibarua wangu wa kuokota?" Akainuka, akaenda.

Nikampigia yule kaka wa kundi. Hapokei. Nikapiga tena. Ya tatu akapokea, nyuma yake nasikia kelele za mikokoteni na mtu anaita "beba, beba". Nikamweleza. Nilitegemea angalau "pole dada". Akanijibu, na hapa nanukuu kwa sababu sitasahau: "Dada, mimi nauza nguo. Siri zako na wateja wako hazinihusu."

Nikamkumbusha ahadi. Akasema aliyefunga mzigo ni kijana mgeni. Nikamuuliza, na aliyemwambia mteja wangu kwamba mimi ni winga tu, naye mgeni? Akacheka. Mtu ameniumbua mbele ya rafiki wa mama yangu, halafu anacheka! Akasema, "Kwani uongo? Wewe ni nani kama si winga?" Akakata. Nilipoandika kwenye kundi kuuliza kama kuna mwingine lililomkuta, nikatolewa. Kiingilio changu elfu kumi kimeondoka hivyo, na namba yangu imeblokiwa na kijana mwenye heshima anayesalimia shikamoo.

Kwa hiyo kama unauliza, jibu langu ni usijiunge. Hawa watu wanakutumia kutafuta wateja wa mikoani, kisha kadi yao inaingia ndani ya furushi na mteja anakuwa wao. Uwe umelipa kiingilio, uwe umelipa nauli, umefanya na matangazo bure. Huo ni wizi wenye risiti halali.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu, maana neno halali ndilo linalonisumbua.

Risiti ile haikuwa na kosa. Wameuza, wametoa risiti, bei sahihi, tarehe sahihi. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," wimbo wa TRA tunaujua hata usingizini. Kosa lao ni kuiweka kwenye furushi la mtu mwingine badala ya kunitumia mimi niliyenunua, na kadi waliyoibana nyuma yake ni uchokozi wa wazi. Lakini mimi? Mimi nilimuuzia shangazi kwa laki moja na sitini na nane, na nikakaa na kitabu changu kilichogongwa muhuri kurasa zote, nisichane hata moja. Risiti pekee aliyopata yule mama ni ya watu wengine. Angekuwa na yangu mkononi, imeandikwa elfu kumi na nne kwa jina langu, ile ya pili angeiona kama anavyoiona bei ya shambani na bei ya mnadani: kila mtu ana yake. Anauza korosho kila msimu huyu, hakuna wa kumfundisha kwamba mtu wa kati anakula.

Hilo nimelifikiria usiku, sikulipenda. Asubuhi nikaandika risiti yangu, nikachukua elfu ishirini, nikaenda Chikongola. Risiti akaipokea. Hela akaisukuma, halafu akaichukua, halafu akarudisha elfu kumi. "Ya bando," akasema. Akanipa na korosho za kubanga kwenye mfuko wa nailoni. Sijui kama tumepatana. Nadhani tumepatana.

Nyota? Mara ya kwanza niliwapa moja, na hiyo moja nilimpa dereva wa basi. Lakini nimejaribu wengine wawili tangu wakati huo. Wa kwanza alinitumia dera lenye mshono uliopinda kama njia ya kwenda Newala, wa pili amekula elfu ishirini na saba yangu na simu haipatikani mpaka leo. Wale wa mwanzo, pamoja na kinywa chao, mzigo ulifika siku ile ile, kumi na mawili kamili, rangi moja. Ngoma ilipita, hakuna aliyecheka sare. Basi tuseme mbili. Kwa bidhaa tatu na nusu, kwa adabu sifuri, wenyewe mkagawanye.

Ukitaka kuanza na mtaji kama wangu, anza tu, inawezekana, elfu themanini haijaniisha. Ila omba uwe unapokea mzigo stendi wewe mwenyewe, ufungue, utoe kila karatasi, ufunge tena. Ndiyo, hapo inakuwa si dropushipingi tena. Ni kazi. Bodaboda ya kwenda stendi na kurudi inakula sehemu ya cha juu chako, nami nimekubali iliwe.

Ya mwisho. Jana jioni simu imeita, shangazi. Nikapokea moyo unadunda. Ana ndugu yake Tandahimba anataka mashuka sita, makubwa, ya maua madogo madogo. Nikamwambia bei nitaitafuta. Akauliza, "Na safari hii unaweka shilingi ngapi juu?"

Nikamwambia elfu mbili kila moja.

Kimya. Namsikia anahesabu. "Weka elfu mbili na mia tano," akasema. "Hiyo mia tano yangu."