Seti ya beringi za kichwa cha rota kwa helikopta ya rimoti ya daraja la 450: uzoefu wangu

Nimetumia seti hii kwenye vichwa viwili vya rota vyenye shafti ya vishikio (vipande vinavyoshika mapanga, yaani mabawa ya rota) ya milimita 3, na maoni yangu ni haya: beringi za kawaida zilizomo ni nzuri kabisa, beringi za thrasti, zile zinazobeba mvuto wa kuelekea nje, zinafaa ukiziandaa upya mwenyewe, na karatasi ya maelekezo haina msaada wowote pale msaada unapohitajika zaidi.

Ndani ya pakiti kuna 683ZZ nne (3×7×3, yaani tundu, kipenyo cha nje na upana kwa milimita), mbili kwa kila kishikio, thrasti mbili aina ya F3-8M (3×8×3.5), na MR52ZZ nne (2×5×2.5) za mikono midogo inayoongoza swashipleti, ile sahani inayopeleka kwenye mapanga amri za servo (mota ndogo za kuongozea). Kabla ya kuagiza, pima kwa vernia kipenyo cha shafti na tundu la kishikio, usiamini jina la daraja peke yake. Hata 683 isiyo na vifuniko ina upana wa milimita 2, na yenye vifuniko (ZZ) ina milimita 3. Ukikosea hapo, kishikio kizima kitabaki na mchezo, yaani ulegevu, wa milimita 1 usiojua umetoka wapi.

683ZZ zote nne zilipita vernia bila tatizo. Kuzijaribu, vika beringi kwenye shafti safi, bana ringi ya nje kwa vidole viwili, zungusha shafti polepole huku ukiikandamiza kidogo. Beringi nzima huenda laini kama mafuta. Iliyoumia hukwama kwa hatua ndogondogo, kana kwamba ina meno, kwa sababu gololi zimechonga vishimo kwenye njia yake. Katika seti ya pili MR52ZZ moja ilikuwa na ukwaru, nikaitupa. Kuiosha hakurudishi chuma kilichobonyea.

Kufungua: ingiza alenki mbili, moja kila mwisho wa shafti, uzungushe kinyume. Bolti moja italegea, na mara nyingi si ile unayoitaka. Ikiwa gundi ya nyuzi imeshika sana, weka ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha bolti kwa sekunde 20 hivi, kisha jaribu tena kikiwa bado cha moto. Usilazimishe, maana kichwa cha bolti ya M2 kikishaviringika ndani, kazi ya dakika 20 inageuka kuwa ya siku nzima. Na usiibane shafti kwa koleo mahali beringi zinapokaa. Mkwaruzo mmoja unatosha kuzuia beringi mpya isipite. Shafti yenyewe iviringishe juu ya kioo. Ukiona mwanga unacheza chini yake, imepinda, na kuiwekea beringi mpya ni kuzipoteza.

Beringi kuukuu zikigoma kutoka kwenye kishikio cha alumini, kipashe joto kwanza. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: tundu la milimita 7 likipanda joto kwa nyuzi 80 huongezeka takriban mikroni (elfu za milimita) 13, wakati beringi ndani yake inaongezeka kama 7 tu. Tofauti hiyo ndogo inatosha beringi kudondoka kwa kugonga kishikio kwenye ubao. Vishikio vya plastiki usivipashe hivyo. Kuingiza mpya, sukuma ringi ya nje tu, kwa bomba au soketi inayokaribia upana wa milimita 7. Ukisukuma ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, na beringi inaharibika kabla haijazunguka hata mara moja. Naamini nyingi zinazolaumiwa kuwa feki ziliuawa hapa.

Sasa thrasti, ambako seti hii inahitaji jicho la mtu anayejua. Fikiria mzigo wake: panga la gramu 30, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 18 kutoka katikati, kwa mizunguko 2,800 kwa dakika, huvuta kuelekea nje kwa nguvu ya kama kilo 47, bila kuhesabu kishikio chenyewe. Mvuto huo hauwezi kubebwa na 683ZZ, ambayo imeumbwa kwa mzigo wa pembeni. Unabebwa na thrasti, huku kishikio kikiendelea kugeuka huku na huku kwa kila amri ya servo.

Kila thrasti ina washa mbili na kizimba cha gololi katikati. Washa hizo zinafanana kwa macho lakini si sawa: moja ina tundu dogo linalokaa shafti barabara, nyingine ina tundu kubwa kidogo linalopita shafti bila kuigusa. Yenye tundu kubwa inakaa ndani, upande wa katikati ya rota, ikiegemea kishikio. Yenye tundu dogo inakaa nje, upande wa bolti, na inatulia pamoja na shafti. Mifereji ya washa zote mbili itazame gololi. Ukizibadilisha nafasi, washa inayobana shafti ndiyo itakayosukumwa na kishikio. Mkononi mapanga yatageuka vizuri, ila rota ikishika kasi yatakuwa mazito, servo zitapata moto, na helikopta itachelewa kujibu. Karatasi ya maelekezo imechora washa hizi kama vitu viwili vilivyo sawa, na kosa hilo ndilo linaloniudhi kuhusu bidhaa hii. Zijaribu moja moja kwenye shafti kabla ya kuzipaka chochote, uzipange kwa mfuatano juu ya kitambaa cheupe.

Thrasti zilikuja na mafuta mepesi ya kuzuia kutu tu. Zioshe, zikaushe, kisha jaza grisi ya lithiamu kwenye kizimba na mifereji. Kwenye dampa za mpira, zile ringi laini zinazoshikilia shafti ndani ya kichwa, tumia grisi ya silikoni badala yake, maana grisi ya petroli huvimbisha aina fulani za mpira.

Gundi ya nyuzi iwe ya nguvu ya kati, ile ya buluu. Safisha nyuzi za bolti na za ndani ya shafti kwa spiriti hadi mafuta yote yaishe, weka tone dogo ndani ya nyuzi za shafti, futa linalofurika. Gundi ikipenya kwenye thrasti, inaigeuza kuwa washa nene. 

Ukishafunga, vuta vishikio viwili kwenda nje kwa nguvu huku unavigeuza. Vinapaswa kugeuka laini vikiwa vimevutwa, maana hiyo ndiyo hali yake angani. Kikikwama, fungua upya uangalie washa. Kikiwa na mchezo wa ndani na nje, kuna shimu (washa nyembamba ya kuziba nafasi) uliyoisahau kati ya dampa na beringi.

Mzunguko wa kwanza ufanye kwa kasi ndogo, ukiwa mbali, wala si kwenye usawa wa mapanga. Kwa rota ya kipenyo cha sentimita 71 kwenye mizunguko 2,800, ncha ya panga inakwenda karibu kilomita 375 kwa saa. Zima, kagua bolti zote mbili, ndipo uinue.

Baada ya safari 40 nilifungua kichwa kimoja: 683ZZ bado laini, grisi ya thrasti imekuwa nyeusi kidogo, njia za gololi zinang'aa bila alama. Anayerusha kwenye vumbi jingi atafute 683 zenye vifuniko vya mpira, 2RS, kwa sababu vifuniko vya chuma vya ZZ vinaacha mwanya, na mchanga laini hupita hapo.