Buli la chuma cha kusubu: zuri kweli, ila boksi lake linasema mengi

Hili buli langu nimelitumia vya kutosha sasa, naona naweza kuliongelea bila ushabiki. Ni lile jeusi la chuma cha kusubu (yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu) lenye vidoti vidoti nje, ujazo mililita 800, ndani lina enameli nyeusi, na lina chujio lake la stenlesi la kutilia majani, linalokaa mdomoni chini ya kifuniko. Nalipenda sana tu, ila sio kwa zile sababu zilizoandikwa kwenye boksi.

Kabla hujatoa hela jua kwanza unanunua nini, maana kuna vyombo viwili vinauzwa kwa sura moja. Kuna birika la kuchemshia maji, Wajapani wanaliita tetsubin, hilo ndani ni chuma kitupu na linabandikwa motoni, ila majani ya chai hayatiwi humo. Alafu kuna buli la mezani kama hili langu, maji unachemshia kwingine ndo unakuja kumimina humu juu ya majani. Kwa nje huwezi kuyatofautisha, yote mazito, yote meusi, yote na mkono wa kupinda juu, na wauzaji wa mtandaoni wengi wanayaita yote tetsubin wala hawana habari. Dawa ni kufunua kifuniko uchungulie ndani: kukiwa kunang'aa hiyo ni enameli, basi moto usiliguse kabisa, liwe jiko la gesi, la umeme au mkaa. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, ukiibandika motoni inapata joto ovyo ovyo inapasuka, ikishapasuka maji yanapita chini yake na kutu inaanza pale pale. Kukiwa kumefifia, kijivu, hakuna mng'ao, hilo ndo la kuchemshia. Kama picha za ndani hakuna kwenye tangazo, muombe muuzaji akutumie, akizunguka zunguka achana naye.

Yale yenye jina kubwa yanatoka mkoa wa Iwate kaskazini mwa Japani, miji ya Morioka na Oshu, na Morioka wamekuwa wakisubu tangu karne ya 17 enzi za ukoo wa Nambu, ndo maana utaona yameandikwa Nambu. Vile vidoti kwenye yale ya mkono fundi anavibonyeza kimoja kimoja kwenye kalibu kabla chuma hakijamiminwa, ukishajua hivyo bei yake inaacha kukushangaza. Langu sio la huko, ni la kiwandani, na kwa kunywea chai tu sioni nilichokosa.

Sasa hilo la kutunza joto. Boksi linakwambia chai itabaki ya moto muda mrefu. Ni kweli ila ukweli wake una masharti, chuma chenyewe hakizuii joto kutoka, kinapitisha joto vizuri tu, kinachosaidia ni uzito. Na uzito huo huo ukiwa wa baridi unakugeuka. Piga hesabu, buli la kilo 1.2 limekaa kabatini nyuzi 20, umelimiminia maji mililita 800 ya nyuzi 95, chuma kikishakula joto chake maji yanabaki nyuzi 85 hivi, yaani nyuzi kumi zimeenda na chai hata haijaanza kuiva! Kwa chai ya kijani hiyo ni sawa tu, tena afadhali, lakini chai nyeusi itatoka imepooza utasema majani mabovu. Kwa hiyo ni lazima ulipashe kwanza, jaza maji ya moto, funika, subiri mpaka ukigusa ubavuni unatoa mkono haraka, mwaga, ndo utie majani. Hapo ndo uzito unakufanyia kazi, kikombe cha pili kinatoka bado kina mvuke.

Jingine ni hii habari wanayosema watu, kwamba kunywea buli la chuma kunaongeza damu. Birika la chuma kitupu ni kweli linaachia chuma kidogo kwenye maji yanayochemka. Lakini hili lenye enameli, chuma na maji karibu havikutani, madini yatapitia wapi?? Na hata hayo kidogo, chai yenyewe inazuia mwili kufyonza chuma. Mtu akikuuzia buli la enameli kama dawa ya damu, ujue hajui anachouza au anakijua vizuri sana.

Kutunza sio kazi, ni tabia tu. Ukimaliza kunywa toa majani, suuza kwa maji ya moto, futa, acha kifuniko wazi mpaka likauke lenyewe kwa joto lililobaki. Basi. Kinacholiua ni kulaza chai humo usiku kucha, maana ukingo wa mdomo na upande wa chini wa kifuniko mara nyingi enameli haifiki vizuri, na hapo ndo utaona ule wekundu wa kwanza. Stilwulu usiitie kabisa, mashine ya kuoshea vyombo hapana, maikrowevu usiiwaze, na usimimine maji ya baridi likiwa bado la moto, chuma cha kusubu ni kigumu ila hakipindi, kinapasuka. Nje nalifuta na kitambaa kilicholowa chai wakati bado lina joto, tanini, kile kitu cha kwenye chai kinachokaza ulimi, ikikutana na chuma inatengeneza weusi fulani mzuri na inasaidia kuzuia kutu.

Mwenye tetsubin akiona kutu ndani asikimbilie kusugua. Achemshe humo majani ya chai ya kijani yaliyokwisha kutumika (hii ndo mara pekee majani yanaingia humo), maji yatageuka meusi kama wino, amwage, arudie mpaka maji ya kawaida yakichemka yatoke meupe. Ni tanini ile ile inashika kutu na kuifunika. Na ule ukoko mweupe wa chumvi za maji unaojijenga ndani auache, unakinga chuma.

Malalamiko yangu ni mawili. Chujio ni fupi, ukitengeneza kikombe kimoja maji hayafiki kwenye majani, kwa hiyo ni chombo cha watu wawili kwenda mbele, wakati unanunua angalia lishuke angalau theluthi mbili ya kina. Pili mkono wake, huu wa kwangu ni wa chuma kilichojaa unashika moto balaa, kumimina bila kitambaa haiwezekani, na likijaa ni kama kilo mbili unazoning'iniza juu ya kikombe cha mtu. Kuna yenye mkono wenye uwazi ndani, hiyo haichomi haraka. Mwenye matatizo ya kiwiko au vidole achukue la kauri tu.

Mdomo lakini hauna neno, unamimina na kukata bila kudondosha hata tone mezani.