Kurekodi kwaya kwa Dante: mtandao hauna neno, mwenye neno ni aliyeniuzia swichi

Niseme mapema: kama una duka la vifaa vya kompyuta Kampala na wahudumu wako wanamwita mteja "Afande" kwa sababu tu amewasemesha Kiswahili (kwetu Uganda wengi wanakiona lugha ya askari), haya yanakuhusu. Unajijua.

Mimi ni fundi wa sauti, niko Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kazi zangu nyingi ni kwaya na vikundi vya adungu, vile vinubi vya nyuzi. Anayezijua adungu anaijua tabu yake. Ile ndogo sauti nyembamba, ile kubwa ya besi inanguruma chini, ngoma ziko pembeni, na waimbaji hawatulii mahali pamoja. Ukirekodi kushoto na kulia tu, ngoma zimeshameza kila kitu na huna la kufanya. Kwa hiyo nataka kila maiki iingie chaneli yake, nikachanganye nyumbani kwa utulivu. Ndiyo maana nikaifuata Dante, mfumo wa kupitisha sauti kwenye waya wa mtandao wa kompyuta.

Zamani nilitumia USB ya mixa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Inafanya kazi, sikatai, ila waya wake ukishazidi mita tano hivi hauaminiki, basi laptopu inakaa ubavuni mwa mixa, katikati ya watu. Waya wa mtandao unafika mita 100. Tena kwa Dante sauti ileile inaweza kwenda kwenye laptopu mbili kwa pamoja, moja ikizimika nyingine inaendelea. Hapo ndipo niliponaswa. Nikachomoa kadi ya USB (mixa yangu ina nafasi moja, ikiingia hii ile inatoka), nikaweka ya Dante, nikalipia na programu ya laptopu. Ikabaki swichi, kile kiboksi cha kuunganishia nyaya za mtandao.

Swichi ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika msafara huu. Audinate wa Australia, wenye Dante yao, wamelisema wazi: swichi yenye utaratibu wa kulaza milango yake, pale nyaya zinapochomekwa, ili kuokoa umeme inavuruga sauti. Uzime, na kama swichi haina pa kuuzimia, usiitumie. Nilikuwa nimesoma. Nikamuuliza kijana wa kaunta kwa kinywa changu, hii hailali kuokoa umeme? "Hailali, boss. Hiyo ni kali." Nikalipa, nikachukua risiti, nikapanda basi la usiku.

Siku yenyewe kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Chaneli 24 zote zinatembea, nafurahi. Wimbo wa tatu au wa nne hivi, tik. Nikadhani waya wa maiki. Tik, tik. Halafu mistari yote kwenye skrini ikakatika pamoja, ikarudi, ikakatika tena. Spika za kanisani shwari kabisa, maana zenyewe zinatoka moja kwa moja kwenye mixa, hazipiti mtandaoni. Akina mama wanapiga vigelegele, mchungaji ananinyooshea kidole gumba, na mimi jasho linanitoka. Nikakimbilia laptopu ya akiba. Matundu yaleyale, sekunde zilezile! Ndiyo faida ya kuwa na mbili.

Kwenye Dante vifaa vyote vinafuata saa ya kifaa kimoja. Hapa mixa ndiyo inashika saa, laptopu zinafuata. Mlango wa swichi ukisinzia, ujumbe wa saa unachelewa, laptopu inapotea, na sauti inanyamazishwa mpaka wapatane tena. Wala si suala la kasi: chaneli 24 hazifiki hata megabiti 40 kwa sekunde, na swichi ni ya gigabiti nzima. Umeme wetu huku unakatika wenyewe bila kuombwa. Nani alitaka kifaa kinachosinzia kwa hiari?

Usiku ule nikabandua kibandiko cha bei kwenye boksi. Chini yake jani la kijani na maneno ya kuokoa nishati. Bei ilibandikwa juu yake! Inawezekana ilitokea tu. Mimi siamini.

Nilipopata safari ya Kampala, karibu kilomita 500, nikaibeba. Yule kijana akanitazama kama hajawahi kuniona. "Afande, shida nini?" Nikaeleza, polepole, kwa adabu. Akaichomeka pale kaunta, akafungua YouTube, muziki ukalia.

"Intaneti inapita?"

"Inapita, lakini..."

"Basi ni nzima. Afande, hii ni swichi, siyo bunduki, mbona unaigombania?"

Wenzake wakacheka. Ndugu yangu, YouTube inajiwekea akiba ya sauti mbele. Mtandao ukikwama kidogo hata husikii. Mimi akiba yangu ni milisekunde 10! Nikamgeukia mama mwenye duka. Hakuinua macho kwenye simu, akanionyesha tu karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudi. Kijana akaongeza, kama anayenisaidia, "Si utumie wireless basi." Wireless! Programu ya Dante ya kwenye laptopu haikubaliwi kwa Wi-Fi kabisa, na huyu ndiye mtaalamu wa mtandao.

Nilitoka pale nimeapa kuwaambia wote: Dante ni mtego, bakini na USB. Na bado kuna siku nasema hivyo. Maana kifaa cha bei kubwa kuangushwa na kiboksi cha bei ya kuku, hiyo nayo ni kasoro, msinidanganye.

Lakini jamaa mmoja anayetunza mitandao ya ofisi hapa Arua aliniazima swichi kuukuu ya kampuni, ile unayoingia ndani ukabadili mipangilio. Akazima kile cha kuokoa umeme, tukarekodi mkesha mzima. Gigabaiti 12 na ushei kila saa, na sikupata tundu hata moja. Adungu ya besi nimeisikia vidole vya mpigaji vikigusa nyuzi, kitu ambacho sijawahi kukipata kwa kurekodi kushoto na kulia tu. Sasa nimpe nyota ngapi? Dante nne, labda tano nikiwa nimelala vizuri. Duka sipati pa kuandikia sifuri, kwa hiyo nimeweka moja, nayo inaniuma.

Ile kwaya ya kwanza bado inadai nyimbo zake. Hazipo, na hakuna wa kuzirudia kanisa likiwa limejaa vile.

Swichi yenyewe ninayo. Mwenye ofisi anayetaka ya printa aje Arua, nusu bei, na risiti nitampa. Kibandiko cha bei nimebandika chini, jani lionekane.