Siga Zilizokomaa: Ipi Inunuliwe Kwanza

Muda hupunguza zaidi kuliko unavyoongeza ndani ya siga. Huondoa harufu kali ya amonia inayobaki baada ya majani kuchachushwa, hulainisha makali ya nikotini yanayowasha koo, kisha ladha za karanga, asali, ngozi au kakao zilizokuwa zimefunikwa hupata nafasi ya kujitokeza. Siga iliyokuwa nyepesi tangu mwanzo haina mengi ya kupunguziwa, na ikikaa miaka mingi hupooza. Kwa hiyo mpangilio huu umeegemea siga zenye nguvu, nami nimezipima kwa swali moja: ni nani aliyegharamia kungoja, na ushahidi wake uko wapi?

Nafasi ya kwanza naipa Padrón 1964 Anniversary ya Nikaragua. Tumbaku yake hulazwa angalau miaka 4 kabla ya kusokotwa, hivyo mnunuzi anaweza kuiwasha siku hiyohiyo na kukuta kakao na kahawa bila kuungua ulimi. Kila siga huvikwa utepe wa pili wenye namba yake ya pekee, jambo linalowapa waghushi kazi ya ziada. Zipo za jani la nje la kahawia na zipo za maduro, yaani lile jani jeusi. Apendaye utamu achukue maduro. Bei yake si ya kila jioni, lakini kinacholipiwa kinajulikana.

Nafasi ya pili ni ya mwenye subira: boksi zima la Partagás Serie D No. 4 kutoka Cuba. Ikiwa bado changa huwa na ukali wa pilipili, na ndiyo sababu inastahili kuwekwa; mimi ningeipa miaka 5. Kabla ya kulipa, geuza boksi usome mhuri wa chini, wenye alama ya siri ya kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kufungashwa kwa Kihispania kilichofupishwa, mathalani ENE 19, yaani Januari 2019. Kisha omba lifunguliwe, unuse kabla ya kugusa chochote, na ubonyeze siga moja taratibu kwa vidole viwili kuanzia mguuni, yaani ncha inayowashwa: inapaswa kubonyea kidogo na kurudi, bila kutoa mlio wa jani kavu.

Asiyetaka kungoja anaweza kutazama Añejados, siga za Cuba zilizokwisha kukomazwa, ambazo Habanos S.A., kampuni inayouza siga za Cuba duniani, ilianza kuziuza mwaka 2015 baada ya kuziacha ndani ya maboksi huko Cuba kwa miaka 5 hadi 8. Nimeziweka za tatu kwa sababu ya bei tu. Ya nne ni Arturo Fuente Hemingway ya Jamhuri ya Dominika, yenye jani la nje la Kameruni. Ni nafuu, na humfaa anayejifunza.

Mwisho kabisa ni maboksi ya zamani yanayouzwa na watu binafsi. Umri unaotajwa hauna maana ikiwa hakuna anayejua boksi lilikaa wapi, na Cohiba, chapa maarufu ya Cuba, iliyo katika boksi lenye kifuniko cha kioo ni ya bandia, hata muuzaji aape vipi.

Bajeti ihesabu pia sanduku la mbao za mwerezi na kipima unyevu, kwani siga hukomaa vizuri katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Nairobi hilo halisumbui sana. Dar es Salaam au Mombasa, joto la chumba kisicho na kiyoyozi huangua mayai ya mdudu wa tumbaku, naye hutoboa siga moja hadi nyingine; mkazi wa huko asiye na kabati lenye ubaridi anunue Padrón chache za kuvuta mwezi huohuo, aachane na boksi la Partagás.