Ergon GP1 na ganzi ya mikono: bawa linasaidia, ila lifungwe sawasawa

Kabla ya kununua vishikio hivi vya usukani wa baiskeli, tazama kwanza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Ikiwa ni kidole cha mwisho pamoja na nusu ya kidole cha pete, anayebanwa ni mshipa wa fahamu wa alna, pale unapopita chini ya kiganja upande wa nje, kwenye njia nyembamba iitwayo mfereji wa Guyon. Kishikio cha mviringo cha kawaida hukandamiza sehemu hiyo hiyo kwa uzito wote wa kifua na mabega. Hapo ndipo GP1 inapostahili bei yake: ubavu wake wa nje umetanuka kama bawa, kiganja kinalala juu yake, na uzito unasambaa.

Ikiwa ganzi iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, mshipa ni mwingine, na mara nyingi chanzo ni kifundo cha mkono kilichokunjwa kwa muda mrefu. Bawa husaidia kwa sababu huzuia kifundo kuzama chini ya usukani, lakini usitarajie makubwa. Na ikiwa ganzi haiondoki hata siku kadhaa baada ya kushuka, au vidole vimeanza kukosa nguvu, hasa kuvitanua au kubana kitu kati ya gumba na shahada, nenda kwa daktari. Hakuna kishikio cha kutibu hilo.

Tuje kwenye ufungaji, kwa maana malalamiko mengi kuhusu vishikio hivi huzaliwa hapa. Toa vishikio vya zamani kwa kupenyeza maji ya sabuni au spiriti chini ya mpira, kisha uvizungushe hadi vitoke. Futa bomba la usukani kwa spiriti likauke kabisa. Usipake grisi wala mafuta ili kishikio kiingie kwa urahisi. Kitaingia kweli, kisha kitazunguka mkononi kwenye shimo la kwanza. Sukuma GP1 hadi mwisho, kaza skrubu nusu tu, ukae kwenye siti kama unavyoendesha kawaida. Mgongo wa mkono na sehemu ya mbele ya mkono viwe mstari mmoja ulionyooka. Bawa likiinuka mno, kifundo kinakunjwa kwenda juu na ganzi inahamia upande wa kidole gumba. Likiinama mno, kiganja kinakosa pa kulalia, unajikuta umebana kishikio kwa nguvu, na mikono inachoka kabla ya miguu.

Ukishapata pembe hiyo, legeza wenzo wa breki na uuelekeze upya. Wengi husahau hatua hii. Vidole vinatakiwa vifike kwenye breki bila kifundo kupinda; wenzo uliobaki mahali pa zamani unaharibu kazi yote ya bawa. Kisha kaza skrubu kwa mkazo uliochapwa kwenye pete ya kishikio. Ukizidisha, nyuzi za skrubu hukatika, na usukani wa kaboni unaweza kupasuka. Chukua spana ya L kwenye safari ya kwanza na urekebishe pembe kidogo kidogo, kishikio kimoja kisha kingine, hadi vilingane.

Kasoro zipo. GP1 ni ya usukani ulionyooka wenye kipenyo cha 22.2 mm; usukani uliopinda chini wa baiskeli za mashindano haiuingii. Mwenye gia za kuzungusha kwa kiganja anahitaji toleo fupi. Vipo vipimo viwili, mdogo na mkubwa, na kuchagua mkubwa ukiwa na kiganja kidogo kunakurudisha kwenye kubana. Kwenye njia za mawe na miteremko mikali bawa linakera, kwa sababu mkono hauna uhuru wa kujigeuza. Na hata kiganja kikikaa vizuri, mkono kubaki mahali pamoja kwa saa nzima ni tatizo lenyewe. Kwa safari ndefu tungechukua GP3, yenye kipande kifupi kilichochomoza mwishoni kama pembe ya mnyama, ili kuwe na mahali pa pili pa kushika.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama unahitaji vishikio kweli. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, huku ukikanyaga, punguza uzito mikononi hadi viganja viguse tu. Ukiona mwili unateleza mbele, pua ya siti imeinama, na mikono ndiyo inayokuzuia usianguke. Inyanyue pua ya siti digrii moja au mbili kwanza; ni bure. Usukani ulio mbali mno au chini mno huleta shida hiyo hiyo. Matairi yaliyojazwa upepo hadi kuwa magumu kama mbao nayo hupitisha kila mtetemo kwenye viganja. Glovu za jeli nene hatuzipendekezi kuvaliwa pamoja na GP1: jeli hujikunja na kuwa uvimbe, kishikio kinakuwa kinene, mkono unabana zaidi. Glovu nyembamba zinatosha, bila kukaza mkanda wa kifundo.

Na kama ganzi yako iko miguuni pia, kitu kinachostahili kujaribiwa ni soli ya ndani yenye kinundu kidogo cha kuinua mifupa ya katikati ya unyayo. Mishipa ya fahamu inayokwenda vidoleni hupita kati ya mifupa hiyo, na kila mkanyago huibana. Kinundu kinakaa nyuma kidogo ya sehemu pana ya unyayo. Ukihisi kokoto chini ya sehemu pana yenyewe, kimekaa mbele mno. Toa soli ya zamani, itumie kama kipimo cha kukatia mpya, na usiziweke zote mbili: nafasi ya kiatu inapungua na ganzi inarudi. Miguu huvimba kwenye joto, kwa hiyo mkanda wa mbele uwe mlegevu na wa juu ndio ushike mguu. Kiatu chembamba mbele hakirekebishiki, badilisha. Mwenye kliti, kile kipande kinachofungwa chini ya kiatu ili kishike pedali, akisogeze nyuma 3 hadi 5 mm kuelekea kisigino, kisha ashushe siti milimita moja au mbili, maana mguu sasa unalazimika kunyooka zaidi kidogo. Ikiwa ni mguu mmoja tu unaokufa ganzi, pasa vidole ndani ya kiatu hicho kutafuta mshono au kichwa cha skrubu ya kliti kilichochomoza.